Siku Mbili za Februari

Jumatatu usiku kipimajoto cha barazani kilisoma
hasi ishirini na nane, na mbao za zizi zilialika
kama vidole vya mtu anayewaza deni.
Saa kumi alfajiri nikasikia tone.
Moja. Kisha kimya, kana kwamba limeomba radhi.
Kisha la pili, la tatu,
mpaka bati zima la paa likawa na la kusema.

Nikafungua pazia. Magharibi, juu ya milima,
wingu limejikunja upinde toka kusini hadi kaskazini,
na chini yake ukanda wa anga, buluu tupu,
kama mwanga chini ya mlango wa jirani
ambaye hujasemezana naye miaka saba.

Huku Alberta hatuulizi. Tunaujua upepo huo:
hushuka milimani umevua koti,
hula theluji bila kuitafuna,
hupandisha joto nyuzi thelathini kabla ya chai ya pili
na kumwachia Bi Halyna wa posta
kipandauso cha kutwa.
Ng'ombe walipigwa na bumbuwazi,
mvuke ukiwatoka migongoni.
Magugu ya mwaka jana yakachomoza, na kopo la rangi,
na koleo nililoapa kwamba liliibwa.

Basi nikafua.
Utanicheka, lakini mwanamke aliyeanika nguo ndani
tangu Novemba, juu ya viti, juu ya milango,
akisikia harufu ya tope
huwa hana akili timamu.
Nikaanika shuka nne, foronya,
na lile shati la Ostap la miraba myekundu
ambalo nalifua kila mwezi, ingawa
tangu azikwe hajalichafua.

Saa nane upepo ukasahau adabu.
Ukang'oa kofia ya ghala la nafaka, ukaibingirisha
mpaka barabara kuu. Pale njiapanda
ukalilaza lori ubavu, taratibu,
kama mama amlazavyo mtoto mbishi.
Kamba yangu ikakatika kwa mlio mmoja.
Shuka zikashika njia ya mashariki, zimeshikana mikono.
Shati likaondoka peke yake, kimo cha mtu,
mikono wazi,
likaruka mtaro.

Mtaro ule. Ostap aliuita wetu,
Tveit aliuita wake, na theluji ilipoyeyuka kila mwaka
maji hayakumuuliza yeyote kati yao.
Walirushiana maneno, kisha barua za mawakili,
kisha wakanyamaziana,
mpaka mmoja akanyamaza kweli.

Mgeni siku mbili; huyu hakungoja ya tatu apewe jembe.
Jumatano jioni upepo ulikatika kama uzi.
Ndani ya saa moja madimbwi yakawa vioo,
nyayo za ng'ombe visahani vya mawe,
kipimajoto kikashuka kama ndoo kisimani.

Ndipo nikasikia hodi.
Lorne Tveit, nyusi zimeganda, kalikumbatia shati kiunoni,
nalo limekauka wima kama ubao, mikono imetanda,
utadhani anamrudisha mtu nyumbani kutoka kilabuni.
"Nimemkuta kwenye seng'enge yangu," akasema.
Akatafuta neno.
"Alikuwa anavuka."

Hatukucheka. Au nilicheka mimi, sijui,
machoni kulikuwa na maji.
Tulilikalisha kwenye kiti karibu na jiko
tukanywa chai, watatu,
tukitazama mikono ikishuka,
wa kushoto kwanza,
na tone likidondoka sakafuni, moja,
kisha jingine.

Mtaro hatukuutaja. Aprili itautaja.
Shuka sijaziona hadi leo.